Dawa ya Kifua na Neno Nililolipindisha

Mimi niliolewa na mwanamke. Kwetu jambo hili halina ajabu, lakini najua wako watakaoshangaa, kwa hiyo nitaeleza mara moja tu. Mwanamke wa Kikurya ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe na kuoa binti, ili watoto watakaozaliwa na binti yule wawe wajukuu zake na boma lisife. Wanaiita nyumba ntobu. Nilikuwa nimezalia nyumbani kwetu Ringwani, mtoto wangu wa kike ndiyo kwanza anatambaa, na hakukuwa na mchumba aliyekuwa akipiga hodi kwa baba. Ng'ombe walipoingia zizini kwetu, nilifunga vitu vyangu kwenye kanga nikaenda.

Yule aliyenioa nilimwita mama, maana desturi inamhesabu kama mkwe: ni kana kwamba yuko mwana ambaye hakuzaliwa, na mimi ni mke wa huyo mwana. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye vidole vyeusi kwenye kucha kwa sababu ya udongo. Siku niliyofika nilipiga magoti nikamsalimu. Yeye akamchukua mtoto wangu, akaweka sikio kifuani pake na kusikiliza kwa muda mrefu. Sikujua kama ananikaribisha au anakagua alichopewa. Baadaye nilizoea. Hivyo ndivyo alivyomsalimu kila mtoto.

Boma letu lilikuwa chini ya kilima chenye miti, upande wa Tarime, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu mpaka machimbo ya Nyamongo. Mama alijulikana kwa sababu ya mmea mmoja. Hakuwa mganga. Hakupiga ramli, hakuvaa shanga za kazi, hakumtaja mchawi wa mtu. Alijua mmea mmoja tu, aliofundishwa na mama yake mzazi, na watu wenye shida ya kifua walimjia kwa ajili ya huo. Jina la mmea huo la Kikurya sitaliandika hapa. Aliniomba nisilitembeze, na nikikumbuka jinsi mmea ule ulivyong'olewa miaka ile, naona alikuwa na haki.

Unaota chini ya miti, mahali ambapo majani makavu yamelaliana na jua linafika vipande vipande. Shina lake halifiki gotini, nalo lina pembe nne, unazihisi ukilizungusha vidoleni. Majani yana manyoya laini, na ukiyafikicha yanatoa harufu inayopanda puani mpaka machozi yanakaribia. Wakati wa kiangazi sehemu yote ya juu inakufa, na asiyejua atapita hapo asione kitu. Mvua zikirudi unachipua palepale, kutoka kwenye mizizi minene kama kidole gumba iliyokumbatiana chini ardhini.

Mama alichimba kwa mti uliochongwa, hakutumia jembe. Alichukua mizizi ya pembeni, miwili au mitatu, kisha akarudisha udongo juu ya ule wa katikati na kuufunika kwa majani.

"Ule wa katikati ndiye mwenye mji," aliniambia mara ya kwanza aliponipeleka kilimani. "Ukimchukua, mwakani utakuta shimo."

Mizizi ilikatwa, ikakaushwa darini juu ya moshi wa jiko, kisha ikachemshwa na maji yake yakanywewa kwa uji wa ulezi. Niliona kwa macho yangu inavyosaidia. Mwanangu alibanwa na kifua masika yale ya kwanza, akawa anakoroma kama paka, na siku ya tatu ya dawa alilala usingizi mzuri na mimi nikalala.

Kisha watu wakaja kwa dhahabu. Walikuwepo wachimbaji tangu zamani, wa hapa na pale, lakini miaka ile walikuja kama siafu. Walitoka Shinyanga na Geita, walivuka Sirari kutoka Kenya, walitoka Musoma na vijiji vyetu vyote vya Serengeti. Mabanda ya turubai yalijaa mahali tulipokuwa tunalisha ndama. Wanaume walishuka mashimoni, na wanawake tulitwanga mawe. Nasema tulitwanga kwa sababu nami nilikwenda. Tuliketi kwa safu, kila mmoja na kipande cha bomba nene la chuma kati ya miguu kama kinu, tukaponda mawe kwa nondo mpaka yawe unga. Jioni nyusi zetu zilikuwa nyeupe. Tulichekana. Tulikuwa vijana, tulikuwa na sabuni na sukari nyumbani, na tulijiona tumeendelea.

Mama hakunikataza. Alisema tu kwamba unga ule si wa ugali.

Baada ya miezi kadhaa nilianza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha asubuhi. Nilichukua mizizi darini, nikachemsha, nikapata nafuu, au nilijiambia nimepata. Mwenzangu mmoja wa kinuni akaniomba, nikampa. Akaniletea sukari. Wa pili akaniletea kipande cha kitenge. Kabla sijajua nimeingiaje, nilikuwa nabeba mizizi kila siku kwenye kikapu, chini ya chakula changu cha mchana, nikiwapa watu wa machimboni kwa vitu hivi na vile. Darini palipopungua nilipanda kilimani peke yangu. Nilikuwa na haraka, nilitumia jembe, na nilichukua hata ile ya katikati. Nilifukia mashimo vizuri ili mama asiyaone.

Katika wale niliowapa alikuwemo kijana mmoja Msukuma, umri wake kama wangu. Alikuwa mpole, mwenye kuongea taratibu kama mtu anayepima njia. Alishuka shimoni kila siku, na alikohoa kwa kuinama, mkono mmoja ukishika ukuta. Alikunywa mizizi yangu wiki nyingi. Mwisho akasema anataka kumwona mwenye dawa mwenyewe.

Alikuja Jumapili mchana. Mama alimkalisha kwenye kigoda juani, akamvua shati, akaweka sikio mgongoni pake. Alisikiliza upande huu, akahamia upande wa pili, akarudi. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na majina ya vitu vya dukani, na kijana yule hakujua Kikurya. Mimi niliyefika darasa la saba ndiye niliyekaa katikati yao.

"Muulize amekohoa tangu lini," mama akasema.

Nikauliza. Alijibu kwamba tangu kabla ya kuvuna mtama.

"Analowa jasho akilala?"

Analowa.

"Ameona damu?"

Alisita, akatazama chini. "Kidogo. Mara moja."

Mama alimrudishia shati lake. Alizungumza nami bila kunitazama, macho yake yakiwa kwa yule kijana, kwa upole, kana kwamba anamwambia yeye moja kwa moja.

"Mwambie hiki si changu. Mzizi wangu ni wa kikohozi cha baridi. Hiki kimeingia ndani kikajenga. Mwambie aende hospitali Tarime, na aende kesho."

Nakumbuka kuku waliokuwa wakichakura kando ya ghala. Nakumbuka kijana yule akinitazama mdomoni, akisubiri. Nikamwambia, "Mama anasema uendelee na dawa. Ukimaliza hii atakayokupa, utarudi tena."

Alishukuru kwa mikono miwili. Mama, alipomwona anashukuru, aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikaingia ndani kumfungia mizizi, na nilipotoka mama aliniuliza ni ya nini. Nilisema ni ya mwenzake wa banda moja, mwenye mafua.

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini nilifanya vile. Sabuni na sukari vilikuwemo, sikatai. Aibu pia ilikuwemo, maana kijana angeuliza kwa nini nilimpa dawa isiyo yake wiki zote zile. Lakini lililonishika zaidi halikuwa hilo. Mimi nami nilikuwa nakohoa. Kama mzizi haukuweza kumtoa yeye vumbi, basi haukuweza kunitoa mimi, na nilikuwa na mtoto ambaye ndiyo kwanza anaanza kusema sentensi nzima. Nilimdanganya ili nisisikie.

Wiki tatu zilipita, labda nne. Asubuhi moja mwenye duka mmoja alifika bomani kununua ulezi. Alikuwa Mwislamu mzaliwa wa Mugumu, ingawa babu yake alikuwa mtu wa pwani, na alikuwa na gari aina ya pikapu lililokwenda Tarime kila baada ya siku mbili. Alikuwa amekulia kwenye biashara kati yetu na alizungumza Kikurya kama sisi. Alikuwa bado anapima ulezi wakati yule Msukuma alipoingia uani, amebeba jogoo kwapani. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa limening'inia mabegani kama limetundikwa kwenye msumari.

"Shikamoo mama," alisema, na akamkabidhi mama jogoo. "Nimekuja kushukuru. Nimefuata ulivyosema. Nimekunywa yote, sijaruka hata siku moja. Ila bado, mama. Sasa damu inakuja kila siku. Nimekuja uniambie niongeze au nipunguze."

Mama alinigeukia nimtafsirie. Mdomo wangu haukufunguka. Mwenye duka, ambaye hakujua lolote, akadhani sijasikia, akamtafsiria mama neno kwa neno, mpaka lile la kutoruka hata siku moja.

Mama alishika jogoo yule kwa muda. Alinitazama mara moja, na si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira. Alinitazama kama mtu anayeangalia chungu chake mwenyewe na kukuta kimepasuka. Kisha akamweka jogoo mlangoni, akamuuliza mwenye duka, "Gari lako linakwenda Tarime leo?"

"Lilikuwa liende kesho."

"Liende leo."

Mwenye duka alimtazama yule kijana, akaacha kupima. Mama aliingia ndani, akatoka na kanga safi na kibuyu cha maziwa. Alimpandisha kijana mbele, karibu na dereva, na yeye akapanda nyuma juu ya magunia, mwanamke wa umri ule, akashika bomba la gari kwa mikono miwili. Hakuniaga. Nilibaki uani na mtoto na jogoo na ulezi ambao haukuisha kupimwa.

Alikaa siku mbili. Sikwenda machimboni. Niliosha vyombo vyote, nikakandika ukuta wa jiko ambao haukuwa na shida, nikafunga vitu vyangu kwenye kanga kisha nikavifungua, kisha nikavifunga tena. Niliona wazi yatakayokuja: wazee watakaa, ng'ombe watarudishwa, na baba yangu atanitazama nikiingia na mtoto kwa mara ya pili.

Alirudi kwa miguu kutoka barabarani, vumbi mpaka magotini. Nilimpa maji. Alikunywa, akakaa.

"Wamemlaza," alisema. "Ni kifua kikuu, na vumbi la mawe pia limo. Atachomwa sindano kila siku miezi miwili, na vidonge baadaye. Daktari anasema ana bahati, lakini hakusema bahati kubwa kiasi gani."

Alinirudishia chombo cha maji.

"Kesho utakwenda wewe."

"Nitakwenda wapi, mama?" nilimuuliza, ingawa kanga iliyofungwa ilikuwa nyuma ya mlango na nilidhani najua.

"Hospitali. Unafikiri sikusikii ukikohoa?"

Nililia hapo. Hakunibembeleza na hakunikaripia. Alimchukua mtoto, akaenda naye kuangalia ndama.

Mimi sikuwa na kifua kikuu. Daktari alinipima makohozi, akanipiga picha, akasema niache kutwanga mawe kama nataka kuzeeka. Nilikaa kwenye benchi la nje kwa muda na karatasi ya majibu mkononi. Kisha nikaenda wodini kumtafuta yule Msukuma, kwa sababu hakuna aliyenituma na nilijua hakuna atakayenituma.

Alikuwa amekaa kitandani. Tayari uso wake ulikuwa na rangi kidogo. Alifurahi kuniona, akaniuliza habari za mama. Nilimwambia yote, nimesimama, nikiwa nimeshika chuma cha kitanda. Kwamba mama alisema hospitali. Kwamba alisema kesho. Kwamba mimi ndiye niliyesema vingine.

Alinyoosha shuka juu ya magoti yake. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifanya amelala.

"Hata angeniambia yeye mwenyewe, huenda nisingekuja," alisema mwishowe. "Shimo letu lilikuwa limekaribia mawe mazuri. Ningesema wiki ijayo, wiki ijayo. Najijua."

Nikaanza kuvuta pumzi ya nafuu, lakini alikuwa hajamaliza.

"Lakini ungeniachia nikatae mwenyewe," alisema.

Nilimwachia ndizi nilizokuwa nimebeba, nikaondoka. Alipona kiasi cha kutembea vizuri, hilo nalijua, kwa sababu alipita nyumbani kabla ya kurudi kwao Shinyanga. Alikunywa uji uani na mama, wawili wasiosikilizana lugha, wakaonyeshana kwa mikono. Mimi nilikaa jikoni, sikuitwa. Alipokuwa anaondoka aliinua mkono kunielekea. Habari zake za baada ya hapo sikuzipata.

Masika yaliyofuata mama alipanda kilimani na mimi nyuma yake. Miti mingi ilikuwa imekatwa kuwa magogo ya kushikilia kuta za mashimo. Pale palipokuwa na kivuli jua lilikuwa linapiga ardhi moja kwa moja, na majani makavu yalikuwa yamepeperushwa. Alisimama kwenye kila sehemu aliyoijua. Kwenye baadhi jua ndilo lililoua. Kwenye baadhi palikuwa na mashimo niliyoyafukia mwenyewe, udongo umebonyea kwa mvua. Aliyajua yale yangu bila kuuliza. Alichomeka mti wake kwenye moja, akatafuta chini, akauchomoa.

"Jembe," alisema tu.

Tulikuta mimea kumi na kitu bado hai, chini ya mawe makubwa ambako shoka halikufika. Tuliichimba na udongo wake, tukaibeba kwenye karai, tukaipanda nyuma ya nyumba kwenye migomba. Hakuamini itakubali. Mmea wa porini, alisema, haupendi sauti za watu. Mingi ilikufa mwaka ule. Minne ilishika, na mmoja kati ya hiyo ulitoa maua.

Ilikuwa siku moja tunapepeta ulezi, bila kunitazama, aliponiambia, "Nifundishe Kiswahili."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Chote, mama?"

"Cha mgonjwa. Maneno ya kumwuliza."

Nikamfundisha. Sikuhitaji kuelezwa kwa nini, na yeye hakunieleza, na kila neno nililomfundisha lilinichoma mahali pake. Umekohoa siku ngapi. Unatoka jasho ukilala. Damu iko. Alirudia huku anapepeta, kwa mdundo wa ungo, na mwanangu alirudia pamoja naye. Ulimi wa mama haukukubali l yetu ya Kiswahili, kwa hiyo kulala kulikuwa kurara na hospitali ilikuwa hospitari. Nilijaribu kumrekebisha mara mbili. Mara ya tatu aliendelea na ungo tu, nami nikaacha.

Wachimbaji waliendelea kuja. Mara nyingi niliketi kando nikimenya mihogo, nikisikiliza, tayari kusaidia kama ataniomba. Hakuniomba. Aliuliza maswali yake kwa mpangilio, taratibu, akimtazama mtu usoni, na aliyekuwa na mafua ya baridi alimpa mzizi. Mzee mmoja wa Kijaluo, mwenye kuchimba peke yake, aliposikia "Nenda hospitari" alicheka kidogo kwa matamshi yale, akasema dawa za kizungu hazimwingii. Mama alimsubiri amalize kucheka.

"Nenda," alisema tena. "Kesho. Hospitari. Mimi hapana."

Mzee aliacha kucheka. Aliuliza kwa Kiswahili gari la Tarime linapita saa ngapi, na mama, ambaye hakuwa na maneno ya saa, alimwonyesha kwa kidole mahali ambapo jua litakuwa.